Mchezo, Hisa na Dhamana: Istilahi za Uwekezaji katika Kampuni za Michezo ya Simu

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri na walimu hutuomba tuyatolee maelezo mara kwa mara ni yale yahusuyo ununuzi wa hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwezi Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya kutengeneza oksijeni na gesi nyingine za viwandani, na mtu aliyesoma habari hiyo aliweza kwenda kukiona kiwanda chenyewe. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa wananchi kwa bei ya shilingi 850 kila moja, mnunuzi hakukiona kiwanda, lakini aliiona minara na aliwajua watu wanaonunua salio kila siku. Siku hizi swali ni gumu zaidi. Kuna kampuni ambazo bidhaa yake ni mchezo uchezwao katika simu ya mkononi. Hazina ghala, hazina shehena, na aghalabu hazina hata duka lao wenyewe. Nyaraka zao huandikwa ng'ambo, na zinapofasiriwa kwa Kiswahili, makosa mawili matatu ya msamiati yanatosha kumfanya mtu aitoe akiba ya miaka kumi akiamini kwamba ananunua kitu kingine kabisa.

Katika makala haya tutayaeleza maneno hayo kwa mfano wa kampuni ya King, watengenezaji wa mchezo wa Candy Crush Saga. Tumeichagua kwa kuwa hisa zake haziuzwi tena sokoni, hivyo hapana atakayedhani kwamba tunamshauri anunue au asinunue.

Tuanze na neno "mchezo" lenyewe, ambalo limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko maneno mengi ya lugha yetu. Mpira wa miguu ni mchezo. Tamthilia ikiwa jukwaani ni mchezo wa kuigiza. Na mitaani, hasa miongoni mwa akina mama, "kucheza mchezo" ni kushiriki upatu, yaani kuchanga fedha kwa zamu. Tena iko "michezo ya kubahatisha", ambayo ina bodi yake na sheria yake ya mwaka 2003. Kiingereza nacho kina neno moja linalotumika kwa michezo ya kubahatisha na kwa michezo ya kompyuta pia, na hapo ndipo wafasiri wengi hunaswa. Tumeona tafsiri ambamo kampuni inayotengeneza mafumbo ya kupanga peremende kwenye kioo cha simu iliitwa kampuni ya michezo ya kubahatisha. Kosa hilo si dogo, kwani kampuni ya kubahatisha hupata fedha kutokana na dau la mchezaji na huweza kumlipa anayeshinda, hali katika Candy Crush Saga anayeshinda haondoki na senti. Twapendekeza "michezo ya simu" itumike kwa aina hii, na pale ambapo sentensi yazungumzia uwekezaji, neno "mchezo" lisisimame peke yake kamwe. Msomaji akiambiwa "wekeza katika mchezo" atafahamu kwamba anaalikwa katika upatu, na hatakuwa na kosa.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu lugha imekwisha kutumiwa kuwapokonya watu fedha. Wasomaji wetu watakumbuka DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009. Washiriki wake waliambiwa kwamba "wanapanda" fedha na kwamba "watavuna". Hapakuwa na hisa wala mtaji katika maelezo hayo. Palikuwa na maneno ya shamba tu, ambayo kila mtu aliyapenda kwa kuwa aliyazoea. Istilahi sahihi haizuii ulaghai, lakini humpa msomaji mahali pa kushika ili aulize swali.

Neno "hisa" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni sehemu au fungu la kitu kilichogawanywa. Maana hiyo ingali hai, na yafaa mwalimu aanzie hapo. Anayenunua hisa hanunui ahadi ya kulipwa. Ananunua fungu la umiliki. Kampuni ikipata faida, mkutano wa wanahisa au bodi ya wakurugenzi, kwa kadiri ya sheria ya nchi husika, huamua kama sehemu ya faida hiyo igawiwe. Kile kinachogawiwa ndicho "gawio", neno zuri lililoundwa kutokana na kitenzi "gawa" na ambalo limekubalika bila ubishi. Kampuni isipotangaza gawio, mwanahisa hana la kudai. Kampuni ikifilisika, hulipwa kwanza wale wanaoidai, na mwanahisa huwa wa mwisho mlangoni.

Sasa tutazame "dhamana". Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na humo "dhamana" ni jina la jumla la hisa, hatifungani na vyeti vingine vya namna hiyo. Lakini mwananchi anapolisikia neno hilo humkumbuka ndugu aliyemtolea jamaa yake dhamana polisi, au nyumba iliyowekwa dhamana benki. Kwake dhamana ni kinga. Ukimwambia kwamba kampuni ya michezo "inauza dhamana zake", atadhani fedha yake imekingwa, na ukweli ni kinyume chake. Jina la Mamlaka limekwisha kukaa na hatuna nia ya kulitikisa. Tunachoshauri ni kwamba mfasiri anapokusudia hisa, aandike hisa. Akikusudia hatifungani, aandike hatifungani. Na neno "dhamana" kwa maana ya jumla aliache katika sheria na majina ya vyombo.

Turudi kwa King. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2003 mjini Stockholm, na mchezo wake mashuhuri uliingia katika simu mwaka 2012. Mapato yake ya mwaka huo yalikuwa dola za Marekani milioni 164. Mwaka 2013 yalipanda hadi dola bilioni 1.88, na faida ikawa dola milioni 568. Tarehe 26 Machi 2014 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la New York. Kabla ya kuuza hisa kwa umma, kampuni hulazimika kutoa kitabu kinachoitwa "waraka wa matarajio". Istilahi hii imekwisha kuenea, ingawa sisi tungefurahi kama isingekuwa na neno "matarajio", linalonukia bahati njema. Sehemu ndefu ya waraka huo hueleza vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuleta hasara. Mfasiri akibanwa na muda, na akalazimika kuchagua kurasa za kufasiri kwanza, basi azichague hizo.

Katika toleo lile ziliuzwa hisa milioni 22.2 kwa dola 22.50 kila moja. Milioni 15.5 zilikuwa hisa mpya zilizotolewa na kampuni yenyewe, na milioni 6.7 zilikuwa za wanahisa wa zamani waliotaka kuuza. Tofauti hii hupotea katika tafsiri nyingi. Fedha za hisa mpya ziliingia katika kampuni zikawa mtaji. Fedha za hisa za zamani ziliingia mifukoni mwa waliouza. Na kuanzia siku ile ya kwanza sokoni, kila aliyenunua hisa alinunua kutoka kwa mtu mwingine, na King haikupokea chochote. Ndiyo maana twatenganisha "soko la awali", ambamo kampuni huuza hisa mara ya kwanza, na "soko la upili", ambamo wenye hisa huuziana wenyewe. Kusema kwamba kila anayenunua hisa "anaipa kampuni mtaji" ni kumpotosha mwanafunzi.

Siku hiyo ya kwanza bei ilishuka, ikafunga kwenye dola 19. Mtu huweza kushangaa: kampuni yenye faida ya dola milioni 568, imekosa nini? Jibu limo katika ule waraka wa matarajio. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2013, asilimia 78 ya malipo yote ya wachezaji ilitokana na mchezo mmoja. Wanunuzi walikuwa wakijiuliza kama peremende zile zingeendelea kupendwa mwaka unaofuata. Hapa mfasiri atofautishe "bei" na "thamani". Bei ni kile ambacho watu wawili wamekubaliana leo. Thamani ni hukumu ya mtu juu ya faida itakayopatikana miaka ijayo, na watu wenye busara huweza kuhitilafiana sana juu yake.

Maneno yahusuyo wachezaji ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi, nasi twaomba msomaji atuvumilie kidogo. Kampuni za michezo hupenda kutangaza idadi ya "wachezaji wa kila siku". Katika hesabu za King, mtu aliyecheza michezo miwili tofauti kwa siku moja alihesabiwa mara mbili. Basi ukiandika "watu milioni kadhaa hucheza kila siku", umeandika jambo ambalo kampuni yenyewe haikulisema. Andika "hesabu ya wachezaji wa kila siku", na ufafanue chini yake jinsi hesabu ilivyofanywa. Kisha, katika kila wachezaji mia wa mwezi, waliolipa fedha walikuwa takriban wanne tu; wengine wote walicheza bila kutoa hata senti. Kwa hiyo pawe na "mchezaji" na pawe na "mchezaji alipaye", na hesabu za hao wawili zisichanganywe. Mchezaji alipaye hununua vitu vya ndani ya mchezo: nafasi za kuendelea, nyongeza za nguvu, na katika michezo mingine sarafu za kubuni. Sarafu hizo si hisa wala hazimpi mchezaji umiliki wowote katika kampuni. Tungedhani jambo hili ni dhahiri, kama tusingekutana na matangazo yanayoziita "uwekezaji".

Fedha ya mchezaji nayo hupita ngazi kadhaa, na kila ngazi ina jina lake. Kwanza ni "malipo ya wachezaji", kiasi chote kilichotolewa. Humo maduka ya programu ya Apple na Google hukata ada yao, ambayo kwa miaka mingi kiwango chake cha kawaida kimekuwa asilimia 30. "Mapato" ni kile ambacho kanuni za uhasibu zinaruhusu kampuni ikihesabu kuwa kimekwisha kupatikana katika kipindi husika. Huweza kuwa tofauti na malipo, kwa kuwa kitu kilichonunuliwa leo pengine kitatumika miezi ijayo. "Faida" ni kinachobaki baada ya kuondoa gharama zote, zikiwamo ada za maduka, mishahara, matangazo na kodi. Katika magazeti yetu maneno haya matatu hubadilishana nafasi kama kwamba ni visawe. Karani wa serikali anayeandaa muhtasari kwa wakubwa wake asifuate desturi hiyo.

King iliishia hivi. Mwezi Novemba 2015 kampuni ya Activision Blizzard ilitangaza kuinunua kwa dola 18 kila hisa, jumla dola bilioni 5.9, na ununuzi ukakamilika Februari 2016. Aliyenunua hisa mia katika toleo la awali alitoa dola 2,250 na akapokea 1,800, bila kuhesabu gawio. Aliyenunua baadaye katika mwaka 2014, bei ilipokuwa chini ya dola 15, alipata faida kutokana na kampuni ileile na mchezo uleule. Activision Blizzard nayo ilinunuliwa na Microsoft mwezi Oktoba 2023, na hisa za King hazipatikani tena peke yake.

Wala habari hii si ya King tu. Rovio ya Ufini, wenye Angry Birds, waliuza hisa mjini Helsinki Septemba 2017 kwa euro 11.50. Februari 2018 walitangaza kwamba mapato ya mwaka ule huenda yakapungua, na takriban nusu ya bei ikayeyuka kwa siku moja. Mwaka 2023 Sega ya Japani iliwanunua kwa euro 9.25 kila hisa.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Michezo mingi ya simu huitwa "michezo ya bure", na neno hilo limeingia hata katika tafsiri za nyaraka za wawekezaji. Lakini mchezo unaoingiza dola bilioni kwa mwaka si wa bure. Kinachotolewa bure ni mlango tu. Na "bure" kwa Kiswahili ni "bila malipo", tena ni "bila faida yoyote", maana ambayo wanahisa wasingependa kuiona katika hesabu zao. Tumefikiria "mchezo wa kuanza bila malipo", ambao ni mrefu, na "mchezo wa mlango wazi", ambao unapendeza lakini haujielezi. Wasomaji wenye pendekezo lililo bora na walilete, pamoja na sentensi mbili tatu za kuonyesha jinsi linavyotumika, ili lijadiliwe katika kikao kijacho cha istilahi.