Kozi za Bayolojia zitambuliwe katika vyuo vikuu vyote vya umma

Hulugho ni mji mdogo ulio kusini mashariki mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Mvua inapozidi, barabara ya kutoka huko hadi Masalani na Garissa huwa matope matupu. Kijana wa huko anayemaliza kidato cha nne na kupata nafasi ya kusomea shahada ya sayansi, amekwisha kuvuka vikwazo ambavyo wenzake wa mijini hawavijui. Lakini kuna kikwazo kingine kinachomngojea ndani ya vyuo vikuu vyenyewe, nacho hakizungumzwi sana.

Tuseme msichana wa Hulugho amesoma Bayolojia kwa miaka miwili katika chuo kimoja cha umma. Mzazi wake anaugua, naye analazimika kuhamia chuo kilicho karibu na nyumbani. Anafika na hati yake ya matokeo, ambayo inaonyesha kuwa amefaulu masomo ya seli, urithi na ekolojia. Huko anapokwenda, masomo hayo yapo, ila yana majina mengine, saa nyingine na yamepangwa katika mihula mingine. Je, atapokewa kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, au atarudishwa nyuma ajifunze tena umbo la seli ile ile? Jibu hutegemea uamuzi wa idara na Seneti ya chuo kinachompokea. Seli haibadiliki kwa kuvuka mto Tana. Kinachobadilika ni karatasi tu.

Wako watakaosema kuwa hili ni jambo dogo. Historia ya Garissa yenyewe inatufundisha vingine. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Chuo kilifungwa, na wanafunzi walionusurika wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret. Katika msiba ule mzito, jambo moja liliwafaa vijana wale: tangu kuanzishwa kwake mwaka 2011, chuo chao kilikuwa tawi la Moi. Walikuwa wakihama kutoka chumba kimoja hadi kingine katika nyumba ile ile.

Chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikatunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hilo lilikuwa jambo la fahari kwa Kaskazini Mashariki nzima. Lakini uhuru huo una gharama yake. Leo Garissa ina Seneti yake na mitaala yake. Mungu apishe mbali, wanafunzi wakilazimika kuhama tena, hawatakuwa na nyumba moja ya kukimbilia. Itabidi wabishe milango mingi, na kila mlango una bawabu wake na masharti yake.

Haifai kusema kuwa nchi haina sheria. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Sifa za Kitaaluma ya mwaka 2014 nayo ilikusudia mwanafunzi aweze kujilimbikizia masomo na kuyahamisha. Tume yenyewe, katika viwango vyake vya mwaka 2014, iliweka ukomo: masomo yanayohamishwa yasizidi asilimia 49. Tatizo ni kwamba tumewekewa kiwango cha juu bila kiwango cha chini. Chuo kimeambiwa kisichoruhusiwa kupita, lakini hakijaambiwa kinachopaswa kupokea.

Kwa wanaosomea ualimu, jambo hili lina uzito zaidi. Tume ya Kuajiri Walimu humtaka mwalimu wa shule ya sekondari awe amesoma kozi zisizopungua nane katika kila somo analofundisha. Kozi mbili za Bayolojia zikikataliwa wakati wa kuhama, mwanafunzi huyo ana mambo mawili tu ya kuchagua: alipe karo upya, au ahitimu bila kutimiza sharti la kuajiriwa. Nasi tunajua hali ya Garissa. Januari 2020, walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, na baadaye walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa katika eneo hilo. Shule zilibaki na madarasa yaliyojaa wanafunzi na ubao usioandikwa. Kila mwalimu mwenyeji anayecheleweshwa chuoni kwa mwaka mmoja ni darasa zima linalokosa Bayolojia kwa mwaka huo.

Wahadhiri wana hoja yao, na haifai kuidharau. Wanasema kuwa mitaala ikifanywa mmoja, vyuo vyote vitakuwa nakala na ubunifu utakufa. Aidha, wanahofia kupokea mwanafunzi aliyesoma sayansi bila kugusa darubini. Hoja hizi ni za kweli, lakini zina majibu. Hakuna anayetaka mtaala wote uwe mmoja. Kinachotakiwa ni msingi wa pamoja wa miaka miwili ya mwanzo: seli, urithi, ekolojia, viumbe vidogo, fiziolojia, biokemia na takwimu. Baada ya hapo kila chuo kifuate mazingira yake. Chuo Kikuu cha Pwani kisomeshe mikoko na bahari, Maseno kisomeshe Ziwa Viktoria, na Garissa isomeshe hirola, yule paa adimu wa nyika za Ijara na Hulugho ambaye amebaki wachache mno duniani.

Kuhusu maabara, hati ya matokeo ionyeshe waziwazi saa za mihadhara na saa za mazoezi. Aliyepungukiwa na mazoezi afanyishwe mazoezi hayo tu, asirudishwe kusoma kozi nzima.

Wengine wamekwisha kututangulia. Katika jimbo la Florida huko Marekani, vyuo vya umma hutumia namba za pamoja za kozi, na kozi zenye namba inayolingana hutambuliwa kutoka chuo hadi chuo. Ulaya nayo hupima mwaka mmoja wa masomo kwa vipimo 60. Sisi wenyewe si wageni wa ushirikiano: kuanzia 1963 hadi 1970, Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Iweje nchi tatu ziliweza, na vyuo vya nchi moja vishindwe?

Wakati wa kutenda ni huu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wanatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka 2029, na vyuo havina budi kuandika upya mitaala yao. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iwakutanishe wakuu wa idara za Bayolojia, wakubaliane kuhusu kozi za msingi na namba zake, na orodha hiyo itangazwe kabla ya wanafunzi hao kuteuliwa. Chuo kitakachokataa kozi iliyomo orodhani kitoe sababu kwa maandishi.

Udongo uwahi ungali maji. Ukisha kukauka, atakayelipa gharama ya kuuponda upya ni yule kijana wa Hulugho ambaye mzazi wake aliuza ngamia ili asome.