Fahamu jinsi gavana anavyowajibishwa, na kwa nini mwakilishi wadi anapaswa kuwa huru

Tangu uchaguzi mkuu wa Machi 2013, serikali za kaunti 47 ndizo zinazosimamia huduma zilizo karibu zaidi na mwananchi: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za mashinani, masoko, maji, kilimo na elimu ya chekechea. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14, mgao wa kaunti kutoka mapato ya taifa ulikuwa shilingi bilioni 190. Mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao huo ulifikia shilingi bilioni 415. Kadiri fedha zinavyoongezeka, ndivyo wananchi wanavyozidi kuuliza ni nani anayezilinda.

Jibu la Katiba ya 2010 ni kwamba mlinzi wa kwanza ni bunge la kaunti. Kifungu cha 185 kinalipa bunge hilo mamlaka ya kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha mipango na kuichunguza kazi ya gavana na mawaziri wake. Wajumbe wake huchaguliwa kutoka wadi 1,450 kote nchini, na huongezewa wajumbe wa kuteuliwa ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, na ili vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa wapate sauti.

Mlinzi anapotegemea anayelindwa

Hapa ndipo penye ugumu ambao mageuzi yoyote ya kaunti hayawezi kuukwepa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 9, inamkataza mwakilishi wadi kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya kificho, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kuwakilisha na kuchunguza. Hata hivyo, mpiga kura humpima kwa mambo mengine: barabara iliyowekwa changarawe, kisima kilichochimbwa, karo ya mwanafunzi iliyolipwa kwa basari.

Miradi hiyo yote hutekelezwa na upande wa gavana. Kwa hiyo mwakilishi anayetaka barabara katika wadi yake analazimika kuiomba kwa ofisi ileile anayopaswa kuihoji. Akiuliza maswali magumu kuhusu zabuni, huenda akahofia kwamba wadi yake itasahauliwa. Akinyamaza, wadi yake huenda ikapata barabara, lakini kaunti nzima itapoteza mchunguzi. Ndiyo maana madai ya mabunge ya kaunti kuwa na udhibiti wa fedha zao za uendeshaji yamekuwa yakirudiwa tangu ugatuzi uanze. Mswada wa marekebisho ya Katiba wa BBI wa mwaka 2020 ulipendekeza kuwepo kwa Hazina ya Maendeleo ya Wadi, lakini mchakato huo ulisitishwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Machi 2022.

Wako wanaoona kwamba hazina ya aina hiyo ingempa mwakilishi uhuru. Wengine huuliza: mwakilishi akiwa msimamizi wa miradi, ni nani atakayemchunguza yeye? Hoja zote mbili zina uzito, na zinaonyesha kwamba fedha peke yake hazitoshi kumpa mchunguzi uhuru. Panahitajika pia kanuni za maadili na wananchi wanaofuatilia.

Maadili na mgongano wa maslahi

Sura ya Sita ya Katiba inamtaka kila afisa wa serikali aweke maslahi ya umma mbele ya yake binafsi. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini na Rais Julai 2025, ilichukua nafasi ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003. Utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Kwa ngazi ya kaunti, maana yake ni kwamba afisa au mjumbe hapaswi kushiriki uamuzi unaoinufaisha kampuni yake au ya jamaa zake, na anapaswa kutangaza mali na madeni yake.

Gavana anayekiuka Katiba au kutumia vibaya mamlaka yake anaweza kuondolewa chini ya Kifungu cha 181. Hoja huungwa mkono kwanza na angalau theluthi moja ya wajumbe wote wa bunge la kaunti, kisha hupitishwa na angalau theluthi mbili, na uamuzi wa mwisho huwa wa Seneti. Kwa njia hiyo Seneti iliwaondoa magavana wa Kiambu na Nairobi mwaka 2020. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho. Kaunti inayosubiri hadi gavana afikishwe Seneti huwa tayari imepoteza fedha na muda.

Kumwondoa mwakilishi wadi kabla ya muhula kuisha ni jambo jingine linalohitaji kuwekwa sawa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu za vifungu vya sheria vilivyoweka utaratibu huo, ikisema masharti yake yaliwabagua wananchi.

Tarehe za kukumbuka

Uwajibikaji huanza kwenye bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda ambayo kila mkazi anaweza kuifuatilia:

- Kufikia Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti.
- Kufikia Februari 28: taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
- Julai 1: mwaka mpya wa fedha huanza.

Sheria hiyo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha kati. Matumizi yakishafanyika, Mkaguzi Mkuu wa Serikali hutakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Muulize mwakilishi wako wadi ni lini ripoti ya kaunti yako ilijadiliwa, na nini kilifanyika baadaye.

Haki zako

Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kila mtu pia ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge hilo kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka yake.

Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, unaweza kuomba nakala ya mkataba wa barabara au orodha ya wanufaika wa basari. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika husaidiwa na afisa husika. Kuomba hakulipiwi, gharama inayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21, na ukinyimwa bila sababu unaweza kulalamika kwa afisi ya Ombudsman.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwakilishi anayejua kwamba wakazi wa wadi yake watauliza kuhusu ripoti ya ukaguzi, na si kuhusu changarawe pekee, hupata sababu na ujasiri wa kumuuliza gavana.