Mwacheni Mtoto wa Kiume Akae Jikoni

Nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Tanga hadi Kisumu, zina sheria ambayo haikuandikwa popote: mtoto wa kike akiingia jikoni anapewa mchicha achambue, mtoto wa kiume akiingia anaambiwa akacheze nje. Mama hasemi hivyo kwa ubaya. Jiko la mkaa liko chini, sufuria inachemka, mwenyewe katoka sokoni au kazini hoi, na huyo mvulana wa miaka minne tangu asubuhi kapanda dirisha, kamwaga maji ya kunawa na kuugeuza mwiko bunduki. Kumtoa nje ndiyo nafuu ya haraka. Lakini nafuu hiyo ya nusu saa ina gharama, na anayeilipa kwa miaka mingi ni mama huyohuyo. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya taabu ya kulea wavulana wadogo nyumbani inatokana na kuwatenga na kazi za ndani, na kwamba mengi ya raha ya kuwalea yamo katika kazi hizohizo tunazowafukuza.

Raha yenyewe ipo, ingawa wanaozungumzia malezi ya wavulana huruka moja kwa moja kwenye matatizo. Mtoto wa kiume wa miaka miwili au mitatu hambanduki mama yake. Anamfuata uani, anamfuata bombani, akimwona ameshika ufagio naye anautaka. Bibi anamwita mume wangu, mama anamwita baba, naye anaitika kwa fahari. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miezi 18. Mtu mzima aliangusha kibanio cha nguo akawa anakinyooshea mkono bila kukifikia, au alikwama mbele ya kabati lililofungwa huku mikono yake imejaa vitu. Watoto 22 kati ya 24 walimsaidia angalau mara moja, na hakuna aliyewaahidi kitu. Kila mama anaijua hamu hiyo. Mvulana anayeng'ang'ania ufagio anaomba kazi, nasi tunamnyang'anya kwa sababu anatawanya taka. Akishanyang'anywa mara za kutosha anaacha kuomba, halafu akifika miaka kumi tunamshangaa kwamba hata kikombe alichonywea hakioni.

Wapo watakaosema wavulana wameumbwa hivyo, wana nguvu nyingi mno za kukaa jikoni. Kuna ukweli ndani ya kauli hiyo. Mwaka 1986 Warren Eaton na Lesley Enns walikusanya tafiti nyingi zilizopima jinsi watoto wanavyojongea na kuhangaika, wakakuta kwamba mvulana wa kawaida huhangaika kuliko wasichana 69 kati ya 100. Kama jinsia isingekuwa na uzito wowote, idadi hiyo ingekuwa 50. Tofauti ipo, basi, lakini tazama upande wa pili: wasichana 31 kati ya 100 wanamshinda mvulana huyo kwa kuhangaika, na hao hakuna anayewafukuza jikoni. Wengine hutaja homoni ya kiume, wakidai inapanda ghafla mtoto akifika miaka minne. Vipimo havisemi hivyo. Homoni hiyo hupanda katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, ikashuka kabla mtoto hajatimiza mwaka, kisha ikabaki chini, karibu sawa na ya wasichana, hadi wakati wa kubalehe. Huyo anayeruka juu ya kochi ana miaka minne, ana nguvu, na hana kazi. Mambo hayo matatu yanatosha kueleza jioni nyingi.

Juu ya maumbile tunaongeza ya kwetu, na tunaanza mapema kuliko tunavyodhani. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwaita akina mama wenye watoto wa miezi 11 ukawaonyesha mteremko unaoweza kuinuliwa na kushushwa. Kila mama alikisia mtoto wake angeweza kutambaa kwenye mwinuko wa kiasi gani. Waliokuwa na wavulana walikisia kupita uwezo wa watoto wao, waliokuwa na wasichana wakakisia chini, ilhali watoto wenyewe walipotambaa hawakutofautiana. Jaribio jingine, la John na Sandra Condry mwaka 1976, lilionyesha watu wazima filamu ya mtoto mchanga anayeshtuliwa na mwanasesere anayechomoza ghafla kutoka kwenye kisanduku, akaanza kulia. Mtoto alikuwa yuleyule, kilio kilekile. Walioambiwa ni mvulana walielekea kuona hasira. Walioambiwa ni msichana wakaona woga. Anayeonekana ana hasira huachwa apoe au hukaripiwa, na anayeonekana anaogopa hubebwa. Hatuhitaji kwenda Marekani kuliona hilo: ni nyumba gani hapa kwetu ambayo mtoto wa miaka mitatu hajaambiwa kwamba mwanaume halii?

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa hoja hii umetoka hapa Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba hautajwi. Mwanaanthropolojia Carol Ember alikwenda kukaa Oyugis, katika nchi ya Wajaluo magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1973. Kwa desturi ya huko kazi za ndani zilikuwa za mama na binti. Lakini si kila mama ana binti wa umri unaofaa. Pale ambapo hakuwepo, mvulana ndiye aliyeagizwa kupika, kusafisha nyumba, kumbeba mdogo wake, kuteka maji na kuleta kuni. Ember aliwatazama wavulana hao kwa utaratibu, akaandika jinsi walivyotendeana na wenzao hata nje ya muda wa kazi. Waliokuwa na kazi nyingi za kike walikuwa na ugomvi na ubinafsi mdogo kuliko wavulana wengine. Mwenendo wao ulisogea karibu na wa wasichana wa kijiji hicho. Na kazi za ndani, yaani kupika, kusafisha na kulea, zilihusiana zaidi na tofauti hiyo kuliko zile za nje kama kuteka maji na kuni.

Msomaji makini atauliza: huenda ni wavulana wapole ndio waliochaguliwa kwa kazi hizo, nasi tunaligeuza tokeo kuwa chanzo? Ndiyo maana utafiti wa Oyugis una thamani. Kilichomweka mvulana jikoni kwa kawaida kilikuwa mpangilio wa uzao, kwamba hakuwa na dada wa kufaa, na tabia yake haikuwa na mkono katika hilo. Hilo halifungi mjadala wote, kwa kuwa kijiji kimoja hakiwezi kusema kwa niaba ya dunia nzima. Hata hivyo linalingana na yaliyoonekana kwa majirani zao Wagusii wa Nyansongo, ambako watafiti walioishi huko miaka ya 1950 waliwakuta wavulana nao wakilea wadogo zao. Beatrice Whiting na Carolyn Edwards walipolinganisha jamii mbalimbali mwaka 1973, waliona kwamba pale ambapo wavulana hulea wadogo na kusaidia nyumbani, tofauti ya mwenendo kati yao na wasichana hupungua.

Nadhani sababu yake si ngumu kuiona. Anayembeba mdogo wake analazimika kusoma hali ya mtu mwingine: analia kwa njaa au kwa usingizi, ana joto au kakojoa. Anayeonja mchuzi kama chumvi imekolea anafikiria ndimi za wengine. Mpira haumdai mtoto hilo, wala ufugaji wa mbuzi kwa kiasi hicho, ingawa vyote vina mafunzo yake. Zaidi ya hayo, jikoni kuna mazungumzo. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mtoto husema mambo ambayo hawezi kuyasema akikalishwa na kuulizwa. Mvulana aliyetolewa nje anaikosa saa hiyo ya maongezi, kisha mama analalamika kwamba binti humwambia kila kitu na kijana hamwambii chochote.

Pingamizi kubwa linatoka kwa baba, kwa bibi, wakati mwingine kwa majirani: mtamlegeza, atakuwa kike kike. Nawaheshimu wanaolisema, maana wanamwogopea mtoto kudharauliwa, na dharau huumiza. Lakini tuwatazame wanaume tulio nao. Kwenye harusi kubwa za pwani, anayesimamia masufuria ya pilau na biriani mara nyingi ni mwanaume, na hakuna mgeni anayeuliza uanaume wake uko wapi. Forodhani, Unguja, wanaochoma mishikaki na kukaanga mbele ya umati ni wanaume. Wakaanga chipsi wa Dar es Salaam ni vijana wa kiume mtaa kwa mtaa. Mwanaume anaruhusiwa kupika akilipwa; anachokatazwa ni kuwapikia watu wake bure, na sheria hiyo ni ngumu kuitetea kwa jina la heshima. Wala si dini inayoidai. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika akatoka kwenda kuswali. Waislamu wa pwani wanaifahamu vizuri, ila huisahau mlangoni mwa jiko.

Pingamizi la mama mwenyewe ni zito zaidi: sina muda, nikifanya peke yangu namaliza haraka. Ni kweli, na kwa miezi kadhaa itaendelea kuwa kweli. Kwa hiyo chagua kazi isiyo na haraka wala moto. Maharage yanafaa kuliko chochote. Yamwage kwenye sinia, mkalishe mtoto mkekani upande wa pili, mbali na jiko, mwonyeshe jiwe, punje iliyotobolewa na mdudu, ganda lililokauka, kisha mwachie pembe yake. Mvulana asiyetulia dakika tano mbele ya kitabu atainama pale muda mrefu, kwa sababu kila jiwe analolipata ni ushindi, na kila mara atakuita uone. Mama naye anachambua upande wake, na akimaliza anapitia upande wa mtoto bila kumwambia kwamba amekosea. Kazi imechukua muda zaidi, lakini katika muda huo hakuna aliyepanda dirisha. Moto uwe wa mtu mzima. Majiko yetu yako chini na maji ya moto ndiyo huwaunguza sana watoto wadogo nyumbani, kwa hiyo anayesema mtoto asisogelee jiko ana haki kabisa; kosa ni kulitumia jiko kama sababu ya kumnyima beseni la vikombe, ufagio na sinia. Wala kazi hizi zisizidi hadi zikamnyima mtoto mchezo, usingizi au shule.

Kuna jambo jingine linalonifanya niandike kwa uchungu. Mama akishaishiwa mbinu, kinachofuata mara nyingi ni fimbo, na mvulana ndiye tunayemwona anaistahimili. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Nchini Kenya, uchunguzi wa 2010 ulikuta asilimia 66 ya wasichana na asilimia 73 ya wavulana. Na fimbo haileti utulivu tunaoutafuta. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walichambua tafiti zilizohusisha watoto zaidi ya 160,000, wakaona kwamba hata kupigwa makofi matakoni kunakohesabiwa kuwa kwepesi kunaambatana na ukali zaidi kwa mtoto. Mtu anaweza kujibu kwamba watukutu ndio wanaopigwa sana, na ni kweli mambo hayo mawili huchocheana. Lakini hata hivyo hakuna dalili kwamba wanaopigwa wanatulia, na mama aliyekwisha kujaribu fimbo mwaka mzima anajua hilo bila kusoma tafiti.

Umri wa kuanza ni mapema. Wakiwa na miaka mitatu hivi watoto wengi wanajua kama wao ni wa kike au wa kiume, na wakifika mitano au sita wanashikilia kwa ukali zaidi kuliko watu wazima mambo wanayodhani yanawafaa wenzao wa jinsia hiyo. Anayeanza kumfundisha kijana wa miaka 12 kuosha vyombo anapambana na imani iliyokwisha kukomaa. Wa miaka mitatu hana imani yoyote kuhusu vyombo, anataka tu maji na povu. Na kama baba yupo, dakika kumi za baba akiosha vikombe na mwanawe zitafanya kazi kuliko mahubiri ya mama ya mwezi mzima.

Tukimwacha mvulana nje, kazi haipungui. Mwaka 2016 UNICEF ilikadiria kwamba duniani kote wasichana wa miaka 5 hadi 14 wanatumia kwenye kazi za nyumbani muda uliozidi ule wa wavulana wa umri wao kwa asilimia 40, jumla ya saa milioni 160 za ziada kila siku. Saa anazosamehewa kaka, dada yake ndiye anayezilipa, mara nyingi jioni ileile ambayo wote wawili wana hesabu za shule za kumaliza.