Kompyuta ya koperative ikizimika, musilie haraka

Ndugu wakulima, sisi mafundi wa kompyuta tunaitwaka mara nyingi na kilio hiki: «Hesabu ya kahawa yetu imekufa!» Lakini mara nyingi iko ndani bado. Vumbi inaziba feni, mashine inapata joto kali, inajizima. Ama umeme wa jenereta unapanda na kushuka, unaunguza kisanduku kinacholisha mashine. Diski inayochunga hesabu inaweza kubaki nzima. Kwa hiyo musimuruhusu fundi kufuta kitu mbele ya kutoa kopi. Na kila siku ya kupima kahawa, muweke hesabu kwenye flashi, ilale nyumba ingine. Daftari musilitupe: ndilo shahidi wa kilo zenu.