Mkubwa wa kampuni, liwali, kisha rekta: ni nani Mitch Daniels?

Kwetu huku, mwaka wa masomo ukikaribia, mzazi anajiuliza kwanza: minervali itapanda tena? Kule Indiana, Marekani, chuo kikuu cha serikali cha Purdue kimeweka bei palepale kwa zaidi ya miaka kumi. Aliyeanzisha jambo hilo hakuwa profesa.

Mitch Daniels alikuwa mkubwa katika kampuni ya dawa ya Eli Lilly. Mwaka 2001 Rais George W. Bush alimwita kusimamia bajeti ya nchi. Baadaye akarudi nyumbani kutafuta kura, na toka 2005 mpaka Januari 2013 akawa liwali wa jimbo la Indiana. Akiwa liwali, mwaka 2006, alikodisha barabara kuu ya kulipia kwa kampuni za inje: miaka 75, dola bilioni 3.8. Wengine walipiga makofi, wengine walisema ameuza mali ya jimbo.

Halafu Purdue. Hapo ndipo maneno yalipochemka. Mwaka 2012, akiwa bado liwali, baraza la chuo lilimchagua kuwa rekta. Lakini memba wa baraza hilo, ni nani aliyewateua? Wengi ni yeye mwenyewe! Tena serikali yake ilikuwa imekata feza za vyuo vikuu.

Alipoingia, alifunga bei: dola 9,992 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa Indiana. Aliwezaje? Alibana matumizi, akaongeza wanafunzi. Wakati anaondoka, mwisho wa 2022, walikuwa wamepita 50,000. Wale wanaotoka majimbo mengine wanalipa karibu mara tatu, na hiyo inasaidia sana. Lakini wanafunzi wakizidi, vyumba vya kulala navyo vinakuwa shida.

Walimu nao walikuwa na woga. Mwaka 2013 zilitokea barua alizoandika akiwa liwali, akitaka kitabu cha mwanahistoria Howard Zinn kisifundishwe katika jimbo lake.

Basi, mtu wa biashara anaweza kuongoza chuo? Anaweza kuchunga makuta, hilo limeonekana. Lakini sisi wazazi na wanafunzi tuulize maswali mawili kila mara: aliyemweka pale ni nani? Na mwalimu bado yuko huru kufundisha?