Siri ya mji mdogo wa Bomet kupendwa na wenyeji wake

KWA msafiri anayetoka Nairobi kupitia Narok, mji wa Bomet haukawii kumalizika. Anavuka daraja la mto Nyangores, anapita maduka na kituo cha matatu, na punde si punde anayaona mashamba tena. Wengi huendelea na safari ya Sotik na Kisii bila hata kushuka garini.

Hata hivyo, waliozaliwa hapa hawaachi kurudi, hata wale waliopata kazi katika miji mikubwa. Je, mji huu ulio takriban kilomita 230 kutoka jiji kuu una nini kinachowavuta hivyo?

Jibu la kwanza ni kwamba Bomet haina mpaka kati ya mji na shamba. Majanichai huchumwa mawili na chipukizi lake, na ni sharti yafike kiwandani siku iyo hiyo kabla hayajaharibika. Mwalimu, mwenye duka na mwendeshaji bodaboda aghalabu wote wana miche yao ya chai. Hukutana kwenye kituo cha kununulia majani, kila mmoja akingoja zamu yake ya mizani, na hapo ndipo habari za kijiji hupashanwa.

La pili ni maji. Nyangores hutoka msitu wa Mau, hukutana na mto Amala na kuwa mto Mara, kisha huelekea Maasai Mara, Serengeti na hatimaye Ziwa Viktoria. Maji ambayo watalii huja kutazama nyumbu wakiyavuka, sehemu yake imekwisha kupita chini ya daraja la Bomet. Karibu na mji, maporomoko ya mto huo huzalisha umeme unaotumiwa na hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mnamo 1937.

La tatu ni mursik. Kibuyu, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, kisha maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo na kuachwa siku kadhaa hadi yagande. Mgeni hutambua kuwa amekaribishwa kwa dhati anapowekewa kikombe cha mursik kando ya ugali na mboga za kienyeji.

Lakini linalotajwa zaidi ni kujulikana. Huku mtu hasalimiwi kwa haraka. Baada ya “chamgei” huulizwa hali ya wazazi, ng'ombe na mvua. Mwenye msiba hachimbi kaburi peke yake, na mtoto aliyekosa karo huchangiwa. Mwenye duka hukopesha unga na sukari kwa kuwa anamfahamu mteja, baba yake na shamba lao, naye hungoja hadi bonasi ya chai ilipwe.

Bila shaka kujulikana kuna gharama yake. Kijana hawezi kukosea njia bila habari kumtangulia nyumbani.

Isitoshe, maisha haya hayana kinga. Mkopo wa dukani hutegemea bonasi, na wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika mara kwa mara kwamba malipo yao ni madogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Bonasi ikipungua, daftari la madeni hufungwa, na uaminifu uliojengwa kwa miaka hutiwa majaribuni.

Ardhi nayo haiongezeki. Shamba lililomtosha babu hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kipande kinachobaki hakiwezi kulisha familia. Wakati huo huo mji umekuwa ukipanda cheo: mnamo 1992 Bomet ilitengwa na Kericho ikawa wilaya, na tangu 2013 ni makao makuu ya serikali ya kaunti. Ofisi zimeleta ajira na wageni, nao wageni hawajui nani ni mwana wa nani.

Kukua kwa mji si jambo la kulaumiwa. Ila wanaopanga mustakabali wa Bomet wafahamu kwamba hazina yake si majengo. Ni ule uhusiano wa mtu na shamba lake, na wa jirani na jirani. Barabara na ofisi zaweza kujengwa popote. Duka ambalo humkopesha mtu kwa kutajwa jina la baba yake, likifungwa, si rahisi kulifungua tena.