Butembo–Beni kwa baiskeli: kilomita hazisemi yote, moyo unasema zaidi

Kutoka Butembo hadi Beni, kwa barabara ya kitaifa namba 2, ni kilomita 54 hivi. Kurudi ni kilomita zilezile, lakini safari hizo mbili hazilingani hata kidogo. Beni iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, Butembo karibu 1,700. Mwendesha baiskeli anayeandika katika daftari lake "kilomita 54" kwenda na "kilomita 54" kurudi anajidanganya mwenyewe.

Ndiyo maana wataalamu wa michezo hupima mzigo wa mazoezi kwa mapigo ya moyo. Eric Banister, mtafiti wa Kanada, alianzisha hesabu hiyo katika miaka ya 1970: dakika za mazoezi zinazidishwa kwa ukali wake. Mmarekani Sally Edwards aliirahisisha kwa kugawa mapigo katika ngazi 5. Dakika moja ya ngazi ya kwanza ni alama 1, ya ngazi ya tano ni alama 5.

Chukua kijana wa miaka 25. Kipeo cha mapigo yake hukadiriwa kwa kutoa umri katika 220, yaani 195 kwa dakika. Ni kadirio tu, linaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Tuseme anateremka hadi Beni kwa saa mbili, moyo ukipiga kati ya 117 na 136: hiyo ni ngazi ya pili, alama 240. Anapopanda kurudi anatumia dakika 90 katika ngazi ya tatu na 60 katika ya nne, ambako mapigo hupita 156. Jumla ni alama 510. Barabara ni ileile, mzigo umezidi mara mbili.

Waendeshaji wa kulipwa, kama wale waliokuja Kigali mwezi wa tisa 2025 kwa mashindano ya dunia, ya kwanza kufanyika Afrika, huvaa ukanda kifuani. Saa ya mkononi ni rahisi zaidi kuvaa, ila kwenye mashimo na mitetemo husoma vibaya.

Asiye na kifaa ana njia ya Carl Foster, mtafiti mwingine wa Marekani. Nusu saa baada ya mazoezi unajiuliza yalikuwa magumu kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, kisha unazidisha kwa dakika. Ugumu wa 7 kwa dakika 150 ni 1,050. Penseli inatosha.

Njia hiyo inafaa hasa kwa kijana anayesukuma chukudu au kubeba magunia kwa baiskeli wiki nzima, kisha Jumapili anaingia mashindanoni. Kocha akihesabu mazoezi tu, anaacha nje sehemu kubwa ya uchovu. Moyo hautofautishi gunia la viazi na mazoezi.

Kipimo kingine ni cha asubuhi, kabla ya kutoka kitandani: vidole shingoni, hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Mapigo yakizidi ya kawaida kwa 10 hivi, siku mbili mfululizo, mwili haujapumzika, au ugonjwa unaanza. Homa pekee huongeza karibu mapigo 10 kwa kila digrii. Hapo baiskeli ibaki nyumbani, na kama mwili una joto, kipimo cha malaria kwenye kituo cha afya kitangulie.